Sauti ya Hesabu Mbele ya Bendera

Naanza na aibu yenyewe ili nisipate mwanya wa kuiruka: mimi Danieli Musyoki, mwalimu wa hesabu na uimbaji, mtu mzima mwenye cheti na tai, niliwahi kumsimamisha wima mgeni rasmi wa serikali, pamoja na mkuu wa wilaya, askari kumi na wawili na karibu nusu ya mji wa Lamu, mikono mapajani, mbele ya bendera, wakisikiliza kitu ambacho hata leo, mkinipa muda wa kufikiri na kikombe cha chai, siwezi kukitaja kwa neno moja. Si wimbo. Kelele nayo nakataa kuiita, ingawa Bwana DC aliiandika hivyo kwenye faili. Na mnisamehe kama nitacheka katikati, maana siku yenyewe sikucheka, siku yenyewe nilitamani ardhi ya Lamu ipasuke inimeze na tai yangu.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Mimi mtu wa Kitui, nimezaliwa mahali ambapo maji huyaona kwenye mtungi tu, nikaletwa Lamu kufundisha, nikapanga chumba cha juu katika nyumba ya Bi Rukia, mtaa wa Mkomani, nyumba ya mawe yenye kuta nene hivi kwamba ukiita mtu chumba cha pili ni afadhali umfuate. Bi Rukia alikuwa mama wa makamo, mjane, mshonaji wa kofia. Alikaa chini kwenye mkeka kutwa nzima na sindano yake, akitoboa matundu madogo madogo kwenye kitambaa cheupe na kuyazungushia uzi, na kama ulimsalimia akiwa katikati ya mstari hakukujibu mpaka amalize kuhesabu (nilidhani ana kiburi, kumbe mimi ndiye niliyekuwa nampotezea hesabu).

Shuleni kulikuwa na tepu rekoda. Mashine nzito ya kijivu, ya betri, yenye rili mbili zinazozunguka na kijicho kidogo cha kijani kinachopepesa sauti inapoingia. Kwa sababu niliwahi kumsaidia fundi wa redio kule Machakos likizo mbili, Mwalimu Mkuu wetu, Bwana Famau, alinikabidhi mashine hiyo, na mimi nikavimba kichwa. Niliibeba mwenyewe na kuipangusa mwenyewe, na hakuna mwalimu mwingine aliyeruhusiwa kuigusa hata kwa kidole kisafi. Kila siku baada ya masomo niliipeleka nyumbani kwangu, eti kwa usalama.

Sasa, mwaka huo alikuja Mholanzi mmoja, Bwana Wilemu, kijana mrefu mwenye miguu myekundu, kazi yake kupima kujaa na kupwa kwa maji. Alikaa wiki tatu akienda huku na huko, leo Matondoni, kesho Shela, na fimbo yake yenye alama, na jioni alikuja kwangu kunywa chai kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa tayari kuzungumza naye habari za hesabu. Siku ya kuondoka akanipa rili moja ya utepe ndani ya boksi la kijivu, akaniambia ni zawadi, imetoka kwa kaka yake anayefanya kazi katika maabara fulani huko kwao.

"Ni muziki," akasema, kisha akajikuna shingo. "Labda ni muziki. Wewe utaniambia."

Akanieleza kwamba katika maabara ile kuna mashine kubwa kama nyumba ya Bi Rukia, kazi yake kuhesabu. Inaitwa kompyuta. (Neno hilo ndiyo mara ya kwanza kulisikia maishani mwangu, nikalirudia mara tatu ili lisinitoke.) Kaka yake na wenzake walikuwa wanakaa na mashine hiyo wakati haina kazi za wakubwa, wakaiagiza iandike namba, maelfu kwa maelfu ya namba, usiulize ngapi, kisha wakazigeuza zile namba kuwa sauti.

"Nani anapiga ala?" nikamuuliza.

"Hakuna ala."

"Basi nani anaimba?"

"Hakuna anayeimba, Danieli. Hakuna hata hewa iliyotikiswa kabla spika haijalia. Ni hesabu tupu."

Akapanda mashua akaenda zake, nami nikabaki na boksi mkononi, nikijiambia kwamba Wazungu wana mambo.

Alasiri hiyo baada ya shule nikaiweka rili kwenye mashine. Mwanzoni hakuna kitu. Utepe unazunguka tu, kimya, nikadhani nimepewa utepe mtupu. Kisha, *tik*. Kama ukucha kwenye kikombe cha bati. Kimya. *Tik*, *tik*. Halafu zikaja nyingine, kavu, hazina mwangwi, hazikutokea mahali popote, sijui niwaelezeje, kila sauti mnayoijua duniani imetokea mahali, kuna chumba nyuma yake, kuna mti au kifua cha mtu, lakini hizi zilikuwa hazina nyuma. Zikaongezeka mpaka zikawa mvumo mmoja, kama mchanga unaochekechwa kwenye ungo mkubwa usio na kingo, na mvumo ule ukaanza kupinda, ukawa sauti inayopanda. Ikapanda. Ikapanda tena. Mimi mwalimu wa uimbaji najua sauti ikipanda lazima ifike mahali ikome, koo lina mwisho, filimbi ina mwisho, lakini hii ilipanda dakika nzima na nilipotega sikio nikagundua kwamba haijafika popote, bado iko palepale ilipoanza, na bado inapanda. Nywele zikanisimama. Kisha ikaporomoka ikawa mkwaruzo, mabati yanapasuliwa, vyuma vinasagwa, na chini ya mkwaruzo kukaja mngurumo mzito uliotikisa maji kwenye glasi yangu juu ya meza.

Halafu ikakatika. Hivi hivi tu. Dakika kumi na moja.

Nilikaa kitandani na viatu vyangu mguuni, nimeshika magoti. Ninyi mnanijua, mimi si mtu wa kusema maneno makubwa, lakini siku hiyo nilihisi kama mtu aliyefundisha hesabu miaka sita akidhani ni maandishi ubaoni, kisha akafunguliwa mlango akaonyeshwa kwamba zile namba ziko hai, zina pumzi zake, na hazikuwa zikitungoja sisi.

Kutoka chini, kupitia dirishani, nikasikia, "Mwalimu! Ndoo tini!" (Kwa Kiamu, njoo chini.)

Nikashuka. Bi Rukia ameshika sindano hewani.

"Hicho ni nini upijacho huko yuu? Nyumba hii nilirithi kwa mama, haina wenyewe wa kutambaa ukutani."

"Si majini, Bi. Ni muziki wa mashine."

"Aliyeimba yuwapi?"

"Hakuna aliyeimba."

Akanitazama kwa muda mrefu, kama anayepima kitambaa. Nilidhani ataniambia nifungashe mizigo. Badala yake akasema, "Rudiya, nisikie vyema. Fungua mlango."

Nikarudia, mlango wazi, na yeye akakaa kwenye ngazi, buibui lake limefunika magoti. Sauti ilipokwisha akainuka. Akarudi kwenye mkeka wake, akashona mstari mzima, ndipo akasema, "Haina mdomo hiyo. Lakini yuwahesabu. Yuwahesabu kama nihesabuvyo mimi matundu, illa yeye hachoki."

Tangu siku hiyo ikawa ada yangu. Nikitoka shule, kabla ya kuvua tai, nasikiliza. Nilikuwa nimeshazijua zile dakika kumi na moja kama njia ya kwenda kazini, na bado kila siku ilikuwa na kitu kipya, mlio mdogo nyuma ya mlio, mlango nyuma ya mlango. Sikumwambia mtu mwingine. Mwalimu wa uimbaji anayependa mlio wa mabati yakipasuka, nani angemwachia watoto wake?

Basi ikafika sikukuu ya taifa. Mgeni rasmi anakuja kutoka Mombasa, na pamoja naye bendi ya tarumbeta. Siku mbili kabla, habari ikaja kwamba mvua imekata barabara, mgeni atakuja kwa ndege, bendi haiji. Bwana DC akamwita Bwana Famau, Bwana Famau akaniita mimi.

"Danieli," akasema, "bendera haipandi kimya. Lile tepu lako laweza kutupa wimbo wa taifa?"

"Laweza, Bwana," nikajibu, na kifua kikajaa hewa. Unajua ukiulizwa jambo mbele ya walimu wenzako, jibu hutoka kabla ya akili.

Kwa kweli kazi haikuwa ngumu. Redio hupiga wimbo wa taifa inapofungua matangazo asubuhi, nami nikaweka maikrofoni mbele ya redio, nikaurekodi kwenye rili mpya, ukatoka safi kabisa. Rili hiyo nikaitia kwenye boksi lake. Boksi la kijivu, sawasawa na la Mholanzi. Mmeshaona tunakoelekea, lakini ngojeni, kwa sababu mimi sikuona.

Asubuhi ya sikukuu niliamka mapema, nikapiga pasi shati jeupe, nikapaka viatu rangi, kila kitu tayari, na bado nilikuwa na nusu saa. Nikajiambia, Danieli, leo mchana kutwa utakuwa kwenye jua na wakubwa, sikiliza mara moja tu, moyo utulie. Mara moja tu! Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo kama punje ya mtama. Nikaweka rili ya Bwana Wilemu. Nikaisikiliza yote, nikairudisha mwanzo kama mtu nadhifu, na wakati huo Bi Rukia akaniita chini nikanywe chai na mkate wa mofa kabla haujapoa. Nilipopanda tena nikaona boksi la kijivu mezani, limefungwa, na lingine tupu kando yake. Nikafikiri, hilo la Mholanzi nimeshalirudisha, na ya taifa iko kwenye mashine. Nikafunga mfuniko wa mashine, nikaibeba.

Uwanjani mbele ya gereza watu walikuwa wameanza kujaa. Mafundi wa spika walikuwa wamezifunga mbili, kubwa kama karai, juu ya mlingoti karibu na bendera, na waya umepita juu mpaka dirisha la ghorofa ya nyumba ya mfanyabiashara mmoja iliyoelekea uwanja, huko ndiko mashine iwekwe isipigwe na jua. Nguvu ya spika ilitoka kwenye betri ya gari la Bwana DC, na gari hilo ndilo lilikuwa gari pekee kisiwani, kwa hiyo siku hiyo serikali nzima ilikuwa imesimama kwa ajili yangu.

Bwana Famau akaja akaniuliza, "Umeijaribu?"

"Nikiijaribu nitamaliza betri, Bwana." (Uongo. Sikutaka watu wausikie wimbo kabla ya wakati, nilitaka uwashukie kama mbingu.)

"Haya."

Na kosa la tatu, la kiburi tupu: sikutaka kubaki ghorofani wakati wimbo unapigwa. Ofisa wa elimu kutoka Mombasa alikuwa ameandamana na mgeni, nami nilitaka anione nimesimama mstari wa mbele na shati langu, si nimejificha dirishani kama fundi. Nikapiga hesabu: nikibonyeza, utepe mtupu wa mwanzo unanipa sekunde ishirini za kushuka.

Sajini Barasa, mkubwa wa askari, akapiga saluti. Mgeni akasimama. Bwana DC akanipungia kitambaa. Nikabonyeza, nikatoka mbio, na nyuma yangu upepo ukaubamiza mlango ule mzito wa zamani, nikasikia kia cha ndani, komeo lenyewe, kinaanguka, *ko*. Nikasema moyoni, hilo tutalishughulikia baadaye. Nikafika mstarini, nikabana visigino, nikainua kidevu.

Kimya. Bendera inaanza kupanda.

*Tik.*

Ndugu zangu, damu yangu yote ilishuka miguuni. Kwenye spika zile mlio haukuwa ukucha kwenye kikombe, ulikuwa mfupa unaovunjika juu ya mji. *Tik. Tik, tik.* Nikaona shingo ya Bwana DC ikijaa mishipa. Lakini hakugeuka. Na hakuna aliyegeuka. Mnajua kwa nini? Kwa sababu wimbo wa taifa ukianza hakuna kutikisika, na wiki nzima mimi mwenyewe nilikuwa nimewafundisha wanafunzi hivyo, nikawaambia hata nyigu akikuuma jichoni, usimame. Mgeni rasmi mkono uko kwenye paji la uso. Askari wameonyesha heshima kwa bunduki. Na nadhani kila mmoja alikuwa akiwaza lilelile, kwamba pengine huku ndiko wimbo ulikofika siku hizi, pengine Nairobi wameubadilisha na sisi huku visiwani tumechelewa kuambiwa, na nani atakuwa wa kwanza kushusha mkono mbele ya bendera?

Mvumo ukaja. Mchanga ule wa ungo usio na kingo ukamwagika juu ya uwanja, ukajaa vichochoro, ukarudi kutoka ukuta wa gereza. Punda wawili waliokuwa wameleta watu kutoka Matondoni wakang'oa kamba wakaondoka bila kulia, ndiyo, bila kulia hata kidogo, na punda wa Lamu mnawajua. Kisha sauti ikaanza kupanda.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo nitakufa nalo. Watu wamesimama wima, mamia, kanzu nyeupe upande mmoja, mabuibui kwenye madirisha na madari, sare za khaki, wanafunzi wangu na soksi zao, na taratibu, bila mtu kuamriwa, nyuso zote zikaanza kuinuka. Sauti inapanda na macho yanapanda nayo. Kupita bendera, kupita paa za nyumba. Kila mtu anatafuta mahali itakapofika. Mzee mmoja wa baraza mkabala nami midomo ilikuwa ikinong'ona, "Subhanallah, subhanallah," wala si kwa hofu. Nami niliyekuwa nimeharibikiwa, niliyekuwa najua kwamba kazi yangu imekwisha, nilisahau kwa muda kwamba nimeharibikiwa. Chumbani kwangu iliimbia glasi ya maji na kitanda tu. Hapa iliimbia mbingu nzima na mji mzima ukatazama juu.

Halafu nikakumbuka kinachofuata.

Siku hizo hali ya usalama upande wa bara haikuwa nzuri, kila mtu alikuwa na masikio mepesi. Mkwaruzo ulipoanguka, mabati yale, vyuma vile, na ule mngurumo chini yake, mwanamke mmoja darini akapiga ukelele, "Ndeke ya zita!" Akimaanisha ndege ya vita. Umati ukayumba. Na nikaona Sajini Barasa, mtu mtulivu, baba wa watoto wanne, anageuza kichwa kuangalia mawingu na kutoa amri kwa sauti ya chini, na bunduki kumi na mbili zikashuka kutoka kwenye heshima zikaelekea juu, na vidole vikatafuta mahali pake.

Sijui kama zilikuwa na risasi. Sikungoja kuuliza. Nikatoka mstarini, mimi mwalimu wa kutotikisika, nikakimbia kupita katikati ya uwanja mbele ya mgeni rasmi nikipunga mikono, nikipiga kelele, "Ni mimi! Ni mimi! Msipige, ni tepu! Ni hesabu!"

(Ni hesabu. Ndivyo nilivyosema. Bwana Famau aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo Sajini alipoamini kuwa nimerukwa na akili.)

Nikapanda ngazi, mlango umefungwa kwa ndani. Nikausukuma kwa bega. Milango ile ilichongwa kwa mti ambao babu zao walichagua ili watu kama mimi wasiingie. Nikashuka tena. Mngurumo unaendelea, watoto wanalia sasa. Nikauona waya unaning'inia kutoka dirishani, nikaruka, nikaushika kwa mikono miwili, nikajibwaga kwa uzito wangu wote.

Waya ulikatika, lakini ulikatika upande wa dirisha. Upande wa mlingoti ulikuwa umefungwa vizuri sana, kwa hiyo kilichokuja chini ni spika, ikashuka kama nazi, ikatua kwenye meza ya wageni, katikati ya birika la sharubati ya ukwaju. Nikiwa chini nimelala chali niliona ukwaju ukienda juu, mwekundu, mzuri, na ukishuka juu ya suti nyeupe ya mgeni rasmi, na miwani yake, na kidogo juu ya ofisa wa elimu, ambaye sasa alikuwa ameniona vizuri kabisa.

Kukawa kimya.

Nawaambia, kimya kile sikuwahi kukisikia kabla. Baada ya mlio ule, masikio ya watu wote yalikuwa wazi kama mlango, na tukasikia kila kitu: kamba ya bendera ikigonga mlingoti, maji yakilamba ngazi za gati, matone ya ukwaju yakidondoka kutoka mezani, mtu akimeza mate. Hakuna aliyesonga. Tulisikilizana tukipumua, mji mzima.

Aliyetuokoa ni Bwana Famau. Alikuwa na sauti mbaya, ya kukwama, miaka yote niliyomjua hakuwahi kuimba hata kwa mzaha. Akavua miwani yake, akajikohoza, akaanza wimbo wa taifa peke yake, chini mno kwa wanafunzi, lakini wakamfuata hivyohivyo, kisha askari, kisha uwanja wote, na mgeni rasmi akarudisha mkono kwenye paji la uso, ukwaju ukimtiririka kiwikoni. Nami nikasimama nilipoangukia, shati limepasuka, nikaimba. Sijausikia ukiimbwa vile tena.

Jumatatu nikaitwa ofisini kwa Bwana DC. Walikuwemo yeye, Bwana Famau na Sajini Barasa, na mashine yangu iko juu ya meza, kama maiti iliyofukuliwa.

"Hii ni simu ya siri, mheshimiwa," Sajini akasema. "Mimi nilikuwa jeshini, nazijua. Ile tik tik si bure."

Bwana DC akaniangalia. "Mwalimu, sauti ile ni ya nani?"

"Si ya mtu, mheshimiwa."

"Ni ya nini?"

Nikaeleza: Mholanzi, kaka yake, mashine kubwa kama nyumba, namba. Nilivyoeleza zaidi ndivyo ilivyozidi kuonekana uongo, hata mimi mwenyewe nilianza kujitilia shaka. Bwana Famau akatazama viatu vyake.

"Pija," hatimaye akasema, bila kuinua macho. "Mheshimiwa, apije tusikie hadi mwisho. Juzi hatukufika mwisho."

Bwana DC akatikisa kalamu: haya.

Nikabonyeza. Kile kijicho cha kijani kikafumbuka. Mwanzoni Bwana DC aliendelea kusoma karatasi zake, kuonyesha kwamba ana kazi. Ulipofika mvumo, akaweka kalamu. Sauti ilipoanza kupanda Sajini alitoa kofia yake akaiweka pajani, na Bwana DC (hili niliona kwa macho yangu, na mkitaka nitaapa) akainuka kwenye kiti chake, polepole, mikono imeshika ukingo wa meza, wala sidhani alijua kwamba anainuka. Alisimama hivyo mpaka mabati yakapasuka, mpaka mngurumo ukatikisa vioo vya dirisha, mpaka ikakatika.

Nzi mmoja akazunguka chumbani.

"Hakuna mtu aliyepiga?" akauliza.

"Hakuna, mheshimiwa."

"Namba tu."

"Namba tu."

Akageukia dirisha, akaangalia bahari. Kisha, bila kugeuka, "Rudisha mwanzo."

Tukaisikiliza tena, watu wanne, dakika kumi na moja zote. Ilipokwisha akakaa, akachukua kalamu, akarudi kuwa serikali.

"Barua yako ya uhamisho itakuwa tayari Ijumaa," akasema. "Utaenda kijiji cha Chundwa. Huko hakuna spika. Na huu utepe unabaki kwenye faili."

Bi Rukia alinipa kofia ya kwenda nayo, mimi Mkristo wa Kitui, akaniambia niivae jua lisinimalizie akili zilizobaki. Nilifundisha Chundwa miaka mitatu na watu walinipokea vizuri, ingawa mwezi wa kwanza kila nikiingia darasani wanafunzi walitazama juu.

Ile sauti sijaisikia tena hadi leo. Nimeuliza, nimeandika barua, Bwana Wilemu hakujibu, huenda hata hazikumfika. Nimesikia miziki mingine ya mashine tangu hapo, na vijana wanacheza nayo, ni mizuri, lakini hakuna iliyonifanya nishike magoti. Na nimeapa, mbele ya mke wangu na mbele ya Mungu, sibonyezi kitufe chochote mbele ya watu kabla sijakisikiliza kwanza peke yangu. Hata redio ya nyumbani, mke wangu hunicheka, naifungua kwa sauti ya chini kabisa, sikio limegusa kitambaa cha spika, mkono mmoja kwenye swichi na mguu mmoja nje ya mlango.